Vuta, Achia: Mchezo wa Shoka na Msumeno Hapa Masasi

(Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya vijana na wazazi waliofika kuangalia mazoezi yetu, nje kidogo ya mji wa Masasi. Waliokosa kufika wameomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa kwenye magogo huko nyuma: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Ahsanteni kwa kuja mapema. Tumewaita saa moja kwa sababu ikifika saa nne jua letu halimwachi mtu ashike shoka kwa amani, na mchezo huu ukiucheza umechoka utakuumiza. Nitasimulia baadaye jinsi nilivyoumia mimi.

Naanza na baba yangu. Baba alikuwa mpasuaji mbao kule Rondo, mkoani Lindi. Wazee mnaikumbuka kazi ile: linachimbwa shimo, gogo la mvule linalazwa juu yake, mmoja anapanda juu ya gogo, mwingine anashuka shimoni, na msumeno unakwenda juu na chini kutwa nzima. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi wenye masizi. Wa chini anakula unga wa mbao. Mimi nilikuwa nawapelekea uji. Siku moja mwenzake baba alishikwa na homa, nikashushwa shimoni, nina miaka kumi na mitatu. Nikaukamata msumeno nikausukuma kwa nguvu zangu zote, nimwonyeshe baba kwamba nimekuwa mwanamume. Msumeno ukapinda, ukakwama. Baba akashuka. Hakunigombeza. Alinishika viganja vyote viwili vikiwa bado kwenye mpini, akasema: "Msumeno huvutwa, mwanangu. Ukishavuta, achia. Usimsaidie mwenzako kwa kusukuma, utamharibia."

Vuta, achia. Nilikua na neno hilo, nikawa seremala, baba akafariki, na sikujua kama litanirudia.

Mwaka 2017 kijana mmoja aliyeleta kitanda karakana kwangu kutengenezwa alinionyesha video kwenye simu yake. Mtu amevaa suruali nyeupe na fulana nyeupe, amesimama juu ya gogo lililolazwa, miguu ameitanua, anakata katikati ya miguu yake mwenyewe. Vibanzi vinaruka vikubwa kama sahani. Kufumba na kufumbua amegeuka, anakata upande wa pili, gogo limeachana vipande viwili. Niliitazama mpaka bando la yule kijana likaisha. Kilichonishangaza hakikuwa nguvu zake. Nilishangaa kwamba kila pigo lilitua alipotaka litue. Mimi nimeshika shoka tangu utoto, na nikajua palepale kwamba sijawahi kujua kukata.

Basi nikaanza kutafuta habari za mchezo wenyewe, nami nitawapa kwa kifupi. Wenzetu wanaohesabu asili yake huitaja Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako mwaka 1870 wakata miti wawili waliwekeana dau pale Ulverstone, nani atakata mbele ya mwenzake. Mwaka 1891, kisiwani humohumo, pale Latrobe, wakaunda chama chao na kufanya mashindano ya ubingwa. Wabaski wa Hispania na Ufaransa nao wana mashindano yao ya shoka ya tangu zamani, na dau kubwa nyuma yake. Marekani, mji wa Hayward katika jimbo la Wisconsin umekuwa na mashindano ya dunia ya wakata magogo tangu 1960, na mfululizo wa mashindano uitwao STIHL Timbersports ulianza mwaka 1985. Mchezo umetoka kwenye kazi, mzee wangu. Ni vilevile kama sisi tulivyokuwa tukipimiana ngwe shambani, kila mtu na ngwe yake, atakayemaliza mwisho achekwe mpaka jioni.

Bingwa ninayempenda kuliko wote ni marehemu Jason Wynyard, Mmaori wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara nyingi na kutuaga mwaka 2023. Mtu mrefu, kifua kipana, lakini mtazameni akiwa hajaanza: ametulia kama mtu anayesubiri basi.

Michezo yao mikubwa ni sita, mitatu ya shoka na mitatu ya msumeno. Kwa shoka kuna gogo la kulala, ambalo mtu anasimama juu yake. Kuna gogo la kusimama, unalikata kwa pembeni kama mtu anayeangusha mti. Na kuna ule wa kupanda ubao, ambapo unachimba tundu kwenye nguzo, unachomeka ubao, unapanda, unachimba tundu la pili, unapanda tena, ndipo ukate gogo lililo juu. Huo umetoka kwa wakata miti wa zamani waliokutana na miti yenye shina lililofura, wakapanda juu ya uvimbe ndipo wakate. Kwa msumeno kuna wa mkono wa mtu mmoja, na miwili ya mashine za mnyororo. Mashine sisi hatugusi. Zina gharama, zina makelele, na msumeno wa mnyororo ukisikika huku kwetu watu wanauliza, tena wana haki kuuliza, ni nani anamaliza msitu. Wenzetu pia wana msumeno wa watu wawili, na hata wa mwanamume na mwanamke pamoja. Huo nitaurudia.

Sasa nieleze kukata kwenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi hukosea siku ya kwanza na kukata tamaa.

Kwenye mashindano ya Timbersports gogo la kulala lina kipenyo cha sentimita 32, na mabingwa hulimaliza chini ya sekunde 20. Sisi tunaanza na la sentimita 20. Kijana anapanda, anapiga katikati, anapiga tena palepale, shoka linazama na kung'ang'ania. Anahangaika kulichomoa. Kufikia hapo kashatoka jasho na gogo halijapungua hata kibanzi kimoja. Kosa lake ni kwamba amefungua mdomo mwembamba. Shoka linatakiwa liingie kwa mshazari, nyuzi arobaini na tano, pigo moja likitokea kushoto, moja likitokea kulia, ili yale mapigo mawili yakutane chini na kibanzi kiruke. Chukua kijiti uchore chini: ukiingia kwa mshazari huo kutoka pande zote mbili mpaka katikati ya gogo, upana wa mdomo unatoka sawasawa na kipenyo cha gogo. Gogo la sentimita 20, mdomo wa sentimita 20. Kwa hiyo kabla ya pigo la kwanza chukua chaki, chora mistari miwili, upime. Halafu ugeuke upande wa pili uchore vilevile. Mimi nilichora chaki miezi minane. Sasa siichori tena, lakini macho yangu bado yanaiona.

Na usipime kwa saa. Hesabu mapigo. Gogo langu la kwanza la sentimita 20 nilipiga mapigo tisini na kitu, mengine yalitua hata nje ya mstari. Sasa napiga thelathini na moja, siku nikiwa sawa. Ukipunguza mapigo, muda unapungua wenyewe. Ukikimbilia muda, mapigo yanaongezeka na mguu unaingia hatarini.

Kuna dada yetu mmoja hapa, mnamfahamu, anauza vitumbua stendi. Alipokuja mara ya kwanza wanaume walimpa kipande chembamba. Akakataa, akataka sawa na wenzake. Yeye amepasua kuni tangu ana miaka saba, na kuni za mama mpishi hazingoji. Hanyanyui shoka juu sana, wala hapigi kwa hasira, lakini halikosei. Leo katika watu kumi na mmoja wa kikundi chetu, wanaume wanaomzidi ni wawili, na mimi simo. Mama zangu mliokaa pale, ninyi kazi hii mmeshaifanya nusu ya maisha yenu. Mkitaka kuja, njooni.

Shoka lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa naona wengi mnaangalia hili nililoshika. Shoka letu la kienyeji mhunzi analitoa kwenye springi ya gari. Mkia wake unapenyezwa kwenye kichwa cha mpini, na kila ukipiga linazidi kukaza. Ni shoka la heshima, limejenga nyumba zetu. Ila makali yake ni membamba, vidole vitatu, linazama bila kutoa kibanzi. La mchezo linataka makali mapana, upana wa kiganja na zaidi, na tundu la kuingizia mpini. Yale ya mashindano yanayotengenezwa New Zealand hatujayafikia. Hili nilinunua la kawaida dukani, nikakaa nalo wiki mbili na tupa, nikipunguza mashavu ya chuma taratibu, namwagia maji lisipate moto, maana chuma kikibadilika rangi kwa joto la kusugua, makali yamekufa. Baada ya tupa nikaingia kwenye jiwe la maji. Utajua limeiva ukilipitisha hapa kwenye mkono, likanyoa malaika bila kuvuta. Hivi, mnaona? Shoka la namna hii halikatii kuni, halichimbui kisiki, halipewi jirani. Likigusa mchanga mara moja, umepoteza siku nzima ya kunoa.

Na mpini uangalieni nyuzi zake. Zikikimbia pembeni badala ya kufuata urefu, mpini huo utavunjika siku moja na kichwa kitaruka. Kila Jumamosi kabla ya kuanza tunakagua mipini yote, na iliyokauka ikalegea tunaiondoa.

Sasa kuumia kwangu. Ulikuwa mwaka wa pili wa mazoezi. Nilikuwa nimefanya kazi karakana kutwa, nikasema jioni nipige gogo moja tu. Nilivaa ndala. Gogo lilikuwa la mkorosho, na ndani lilikuwa na kifundo ambacho sikukiona kwa sababu jua lilikuwa limezama. Shoka likagonga kifundo, likateleza. Sikusikia maumivu. Nilisikia kama maji ya vuguvugu kati ya vidole. Nilipotazama chini, ndala imegawanyika, na kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimening'inia kwa ngozi. Kidole kilishonwa, kikapona, ila hakikunji mpaka leo. Mama watoto alinitazama usiku ule hakusema neno, na ule ukimya ulinitesa kuliko nyuzi saba za mshono.

Wenzetu wakiwa juu ya gogo huvaa soksi za pete za chuma zilizofumwa. Sisi hatuna. Tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea, tukamletea pipa la zamani, akatukatia bamba la kufunika goti kushuka mpaka vidoleni, tunalifunga kwa mikanda ya mpira juu ya buti. Linakera na lina joto. Asiyelivaa hapandi gogo, hata kama ni Mheshimiwa. Giza likianza kuingia hakuna kukata. Watazamaji wote wakae nyuma ya kamba, na watoto nyuma yao. Na aliyegusa uraka, ile pombe ya mabibo, hata kikombe kimoja, siku hiyo anakaa na watazamaji. Najua msimu wa mabibo ni mgumu kwa wengine wetu, nasema kwa upendo.

Mwili nao unataka kuandaliwa. Mchezo ni mfupi, sekunde ishirini, thelathini, lakini unatoa vyote ulivyonavyo. Kwa hiyo hatukimbii mwendo mrefu. Tunakwenda Mtandi, tunapanda mlima kwa kasi mahali penye mwinuko, pumzi ikikata tunashuka polepole, tunarudia mara sita. Tunachuchumaa na mfuko wa mchanga begani, maana shoka linaanzia kwenye nyayo na nyonga. Mikono inaongoza tu. Na kwa ajili ya msumeno hakuna zoezi linaloshinda kuteka maji kisimani kwa kamba: mgongo umenyooka, unavuta kwa mapaja na bega, ndoo inapanda bila kumwagika. Vijana wangu wawili wameanza kumtekea bibi yao maji asubuhi bila kuombwa.

Swali ambalo wazee huniuliza kila siku: magogo mnatoa wapi? Ni swali zuri, wala silikwepi. Hatuingii msituni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuvuna bila kibali, na hata ingeruhusu, mimi nisingeweza kuukata mpingo kwa ajili ya kucheza. Mti unaochukua miaka sabini na zaidi kukomaa, mgumu mpaka ukiutupa majini unazama, mti ambao ndugu zetu Wamakonde wamechonga nao mpaka dunia ikawajua, nitaufanyia mchezo wa nusu dakika? Kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa la kuthibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, cha kwanza cha aina hiyo Afrika. Jirani zetu wamelinda msitu kwa jasho. Sisi tusiwaaibishe.

Magogo yetu ni mikorosho. Mnajua mashamba mengi ya zamani yalipandwa kwa kubanana. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wanatushauri mita 12 kwa 12, kwa sababu mkorosho unachanua kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Vichwa vikigusana, unabaki na kivuli kikubwa na korosho kiganjani. Mkulima anatakiwa apunguze, lakini kuangusha mkorosho mzee ni kazi, na vibarua wanataka pesa. Sisi tunakwenda, tunamwangushia bure ile miti aliyoiwekea alama mwenyewe, tunaomba kipande kimoja tu cha shina kwa kila mti. Kuni zote zilizobaki ni zake. Mkorosho hautoi gogo refu, unaanza kutawanya matawi chinichini, na una vifundo. Lakini ukiwa mbichi unakatika vizuri. Tunauvika magunia yaliyoloweshwa mpaka Jumamosi, kwani ukikauka unakuwa kama mfupa. Mwenye msufi unaomsumbua uwanjani naye atuite. Huo ni laini, wanafunzi wapya wanaanzia hapo.

Swali la pili: inalipa? Hailipi. Sitawadanganya vijana. Hakuna mashindano ya fedha huku kwetu, na sijui hata mmoja kati yetu atakayepanda ndege kwa sababu ya shoka. Lakini wazee wanaocheza bao pale chini ya mwembe, nani amewahi kuwauliza kama bao linalipa? Mtu anamaliza kazi, anatafuta mahali pa kuutua moyo. Mimi kazi yangu ni mbao, na kwa miaka mingi niliziona mbao kama deni: ya mteja huyu, ya ada ile. Jumamosi asubuhi nikisimama juu ya gogo, nikasikia harufu ya mkorosho mbichi, pigo la kwanza likatoa kibanzi kizima, ninakuwa mtoto wa mpasuaji mbao tena, na ninajivunia. Zamani nilikuwa naona haya kusema baba alifanya kazi shimoni.

Nimalizie na ule msumeno wa watu wawili, maana naona mama watoto ameshasimama.

Ule msumeno wa baba wa kupasulia hauwezi kukata gogo kwa kulikatiza. Meno yake yanafuata nyuzi za mti. Huu tulioushika tuliununua kwa mzee mmoja Nachingwea, ulikuwa umening'inia jikoni umekula moshi na kutu. Ukiusogelea utaona meno ya aina mbili. Yapo ya kukata, yamepindishwa moja kushoto moja kulia, na kila baada ya hayo lipo jino fupi lenye ncha mbili, linalozoa kile kilichokatwa na kukitoa nje. Hilo la kuzoa lazima liwe chini kidogo tu ya wenzake. Likiwa refu, msumeno unakwama. Likiwa fupi mno, halizoi kitu. Nilihangaika nalo mwaka mzima na tupa. Utajua umelipata ukitazama kinachotoka: msumeno mbaya unatoa unga, msumeno mzuri unatoa nyuzi ndefu kama tambi.

Siku ya kwanza tuliposhika, mama watoto upande ule na mimi huku, ulipinda na kukwama ndani ya vuta mbili. Akasema, "Baba fulani, mbona unanisukuma?" Nilikaa chini. Nilimwona baba yuko palepale, ameshika viganja vyangu. Nikamweleza mama watoto maneno yale, akayarudia polepole, tukaanza upya: yeye anavuta, mimi naachia, mimi navuta, yeye anaachia. Gogo likakatika. Tangu siku ile hata tukigombana nyumbani, mmoja wetu hulisema neno hilo.

Ndugu zangu, gogo ni lile pale, la mkorosho, sentimita 30, tumelifunga kwenye kitanda cha mbao lisiyumbe. Mwenyekiti ameshika saa. Tafadhalini rudini nyuma ya kamba, na watoto wale wawili waliokaa mbele washikwe mkono. Mama watoto, shika upande wako.